Mama Aliyefungua Milango Yote

Mama alikubali kuja kutazama filamu kwa sharti moja tu: asiketishwe karibu na Mkasi.

"Nitakaa na wewe, au nitakaa na bosi wako," aliniambia tukiwa bado mlangoni, huku akifuta viatu kwa bidii kana kwamba anaingia nyumbani kwa wakwe. "Yule kijana akae huko huko kwenye mitambo yake. Nimekuja kuona kazi yako, sikuja kuona watu."

"Lakini mama, nilikwambia. Kazi yangu haionekani kwenye filamu."

"Sasa nimeitiwa nini?"

Sababu ya kuitwa niliijua, ila sikutaka kuitaja pale mlangoni. Nikamwambia zulia lile lilikuwa safi tayari, aingie.

Mimi nilikuwa mpiga kibao. Ni kile kibao cha mistari myeusi na myeupe kinachogongwa pa! mbele ya kamera kabla mwigizaji hajafungua mdomo, ili baadaye picha na sauti zikutane. Unasimama mbele ya kamera, unataja namba ya tukio, unagonga, unatoka mbio usionekane. Mama hakuwahi kuielewa kazi hiyo. Majirani wakimwuliza, aliwaambia niko kwenye mambo ya filamu, kisha akabadilisha mazungumzo haraka wasije wakataka maelezo.

Na Mkasi ndiye aliyekuwa akinikata. Hilo si jina lake, lakini pale kazini kila mtu alimwita hivyo, hata mlinzi wa getini. Alikuwa mhariri. Kila tulichopiga kilikwenda kwake, kwenye chumba chenye blanketi dirishani, naye akachagua kipi kibaki na kipi kitupwe. Siku ya kwanza kumtia machoni nilikuwa nimeingia kutafuta chaja yangu. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyekutana na jirani wa siku nyingi.

"Leo umesuka," akasema.

"Unanijua?"

"Kila picha inaanza na wewe. Unasimama, unataja namba, unagonga, unatoka. Halafu mimi nakukata." Akajikuna shingo. "Mwanzoni nilikuwa nakata haraka. Siku hizi nakuacha utoke mwenyewe."

Jamani, mimi ni nani nisiyeyuke? Mkasi ana macho yenye tabia mbaya: yakikutazama hayana haraka. Nilitoka mle chumbani bila chaja, na moyo wangu sijui niliuacha kwenye meza gani. Kufikia wakati tunamaliza kupiga filamu, tulikuwa hatufichi tena. Nilimpeleka nyumbani.

Mama alimpokea vizuri. Akammiminia chai, akamuuliza kazi, akamuuliza afya, halafu akamuuliza kwao.

"Sina kwetu, mama," Mkasi alijibu bila kujificha. "Nilikulia kituo cha watoto yatima. Walionilea pale wameshatawanyika."

Mama akamwongezea sukari. Akamsindikiza mpaka nje kwa upole wote, akamtakia safari njema. Kisha akafunga mlango, akanigeukia.

"Hapana."

"Mama, amekukosea nini?"

"Mimi hajanikosea. Na siku atakayokukosea wewe, nitakwenda kumsema kwa nani? Huku tuko sisi, na kule kuna nani? Mtu hana mama, hana baba, hana hata mjomba mlevi wa kumkaripia! Mwanangu, huyo ukimkabidhi mtoto, umemkabidhi upepo."

Mfamasia wa mtaa wa pili, ambaye mama alimtaka, yeye alikuwa na watu wa kujaza basi: wazazi wote wawili hai, dada wengi, mashemeji, na bibi mmoja asiyesikia vizuri ambaye tayari alikuwa akiniita mke wetu. Nao walikuwa bado wanasubiri jibu. Rafiki zangu walinishauri nifunge mzigo nimfuate Mkasi, mama atapoa mbele ya safari. Sikuweza. Tangu baba afariki tumekuwa mimi na yeye, sahani mbili mezani, na sikutaka ndoa ambayo siku yake mama yangu amejifungia chumbani. Nilimtaka Mkasi, na nilimtaka kwa baraka za mama. Moja bila nyingine ningebaki nusu mtu.

Sasa nieleze mkasa wenyewe, maana bila huo hutaelewa kwa nini niliogopa mchana ule.

Filamu yetu ilikuwa ya watu wanne wasiojuana. Muuguzi aliyewahi kumtoa mwanawe alelewe na watu wengine. Mwalimu mstaafu ambaye mwanawe wa kiume hapigi simu. Dereva wa gari la wagonjwa anayeogopa kurudi nyumbani. Na bibi harusi aliyeletwa hospitali mbiombio, shela ikiwa bado kichwani. Siku moja, hospitali moja, kila mtu na lake. Tulichukua jengo la ofisi lililohamwa, tukalipaka rangi, tukaweka vitanda, na Bosi, mwongozaji wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, akaamua asubuhi moja kamera zote zifanye kazi kwa pamoja, kila chumba na kisa chake.

Asubuhi hiyo hiyo watu wa Mfamasia walipeleka habari kwamba watapita nyumbani. Mama akanipigia simu, simu yangu ilikuwa imezimwa kwa ajili ya kazi. Akashika mkoba wake, akaja.

Alipita getini kwa sababu mlinzi alidhani ni mwigizaji. Watu wa mavazi walimwona, wakadhani ameletwa na watu wa waigizaji wadogo, wakasifu gauni lake. Watu wa waigizaji wadogo wakadhani ni mgeni wa Bosi. Mle ndani mlikuwa na ndugu wa wagonjwa wa kuigiza kila kona, na mama alifanana na ndugu wa mgonjwa kuliko wote. Basi akaingia kwenye korido, kamera zikiwa zinachukua, akaanza kufungua mlango mmoja baada ya mwingine.

"Mwanangu mmemweka wapi?" alimuuliza muuguzi.

Yule mwigizaji ni mzoefu, hakutikisika. "Subiri hapo, mama, daktari anakuja."

"Daktari wa nini? Mwanangu si mgonjwa!"

Akafungua kwa bibi harusi, akamkuta analia, akamwambia pole, akafunga. Akafungua kwa mwalimu mstaafu, akamuuliza kama amemwona binti mwembamba mwenye sauti kubwa. Akatoka uani, akamsimamisha dereva wa gari la wagonjwa. Kila kisa alikiingia, kila kisa akakivuruga, mpaka aliponiona nyuma ya kamera na kibao kwapani. Alichonifokea hapo mbele ya watu wa kazini kwangu sitakirudia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikuwa na pa kuweka uso, na Bosi alikuwa ameshika kichwa.

"Mama yako ameniharibia filamu nzima kwa asubuhi moja," aliniambia.

Tulirudia yote. Tukadhani yamekwisha. Lakini Mkasi alipoanza kuunganisha, filamu ilikataa kuungana. Visa vilikuwa vinne na vikabaki vinne, kila kimoja kimekaa kivyake kama abiria wasiosemeshana. Alihangaika nayo mpaka akakonda. Halafu siku moja akaacha kuhangaika, akaanza kupiga mluzi, na Bosi akaniita pembeni. Mkasi alikuwa ameirudisha ile asubuhi ya mama. Bila yeye filamu haisimami, na bila ruhusa yake haitoki. Ningemleta atazame?

Ndiyo maana, mchana ule, Bosi alipomchukua mama kumwonyesha ofisi, nilimvizia Mkasi kwenye kijia cha nje ya chumba chake.

"Umemfanyaje mama yangu?"

"Tazama kwanza."

"Nijibu! Watu watacheka?"

Alifikiri, kwa sababu Mkasi hawezi kusema uongo hata ukimshikia panga. "Mahali pamoja."

"Mkasi, nisikilize. Anakuona huna mbele wala nyuma, na mimi kila siku napigana kwa ajili yako. Ukimfanya mama yangu kichekesho mbele ya watu, sitangoja aseme hapana. Nitasema mimi."

"Ungesema kweli?"

"Ningesema, halafu ningelia mpaka nife. Lakini ningesema."

Hakukasirika. Alinitazama kwa yale macho yasiyo na haraka, akanyoosha mkono kama anayetaka kunishika shavu, akakumbuka mama yuko karibu, akaurudisha mfukoni. "Sawa," akasema. "Ni haki yako." Akaingia ndani, na mimi nikabaki pale nimechanganyikiwa, nampenda na nataka kumrushia kiatu.

Tulikaa wanne. Bosi na mama kwenye sofa, mimi kwenye kiti kando ya mama, Mkasi huko mbele kwenye mitambo, ametupa mgongo. Akazima taa, akazima na feni kwa sababu ya kelele. Giza likaingia chumbani, ingawa nje jua lilikuwa linawaka.

Kilichoanza kuonekana ni korido tupu. Halafu viatu, vinatembea. Halafu mkoba, umebanwa kwapani. Halafu mgongo wa mwanamke ambaye hata angevaa gunia ningemjua.

Mama akanishika mkono. "Ni nani yule?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi?" Akasogea mbele. "Mbona hakuna aliyeniambia gauni limepanda nyuma?"

Bosi akakohoa. Kule kwenye skrini mama akasukuma mlango, na nyuma ya mlango ndiko kisa cha bibi harusi kilikoanzia. Akaufunga, na tulipomwona tena alikuwa mlango wa pili, na huko ndiko alikokuwa mwalimu mstaafu, amekaa, simu iko magotini. "Umemwona binti yangu?" mama alimuuliza. Mkasi alikuwa ameiacha kamera kwa yule mzee muda mrefu baada ya swali. Unamwona anaangalia mlango uliofungwa, anaangalia simu yake, na unajua kabisa anachojiuliza: mimi nani ananitafuta?

Nilielewa hapo alichokifanya. Mama hakuvuruga visa vile. Alikuwa ndiye uzi. Kila mlango aliofungua ulikuwa na mtu aliyepoteza mtu, na swali lake moja liliingia kwa kila mmoja na kumgusa pale pale panapouma. Alipomuuliza muuguzi, "Mwanangu mmemweka wapi?" uso wa yule mwigizaji, ambao siku ile sisi wote tulidhani ni uso wa mtu aliyeshangazwa na mama wa watu, sasa ulikuwa uso wa mwanamke aliyemtoa mwanawe na hajawahi kulijibu swali hilo. Nimefanya kazi kwenye filamu ile tangu siku ya kwanza, nimeigongea kibao kila tukio, lakini nilikuwa sijaiona. Aliyeiona ni mtu mmoja, peke yake, nyuma ya blanketi.

"Mwanangu si mgonjwa!" mama alifoka kwenye skrini.

Na mama kwenye sofa akaangua kicheko. Kicheko kile cha zamani, cha wakati baba yupo, mpaka akajipiga paja. Bosi naye akacheka, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejibana muda wote, nikacheka na kulia pamoja. Mgongo wa Mkasi haukusogea. Lakini niliyaona masikio yake yakipanda, na nilijua ametabasamu.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Mama anatoka uani. Jua linamwingia machoni, anaweka kiganja juu ya paji la uso. Anatafuta huku, anatafuta kule. Mkoba unateleza kwapani, haushughulikii. Halafu anaacha kutafuta. Ameona kitu ambacho mtazamaji hakioni. Mabega yanashuka, mdomo unafunguka kidogo, na uso mzima unakuwa laini, unakuwa wa msichana, unakuwa wa mtu aliyepewa tena roho yake.

Picha ikakatika hapo. Filamu imekwisha.

Kitu alichokiona mama kilikuwa mimi. Ilikuwa sekunde ile aliyoniona nimesimama na kibao kwapani. Siku ile mimi niliambulia hasira yake tu, kwa sababu ndiyo iliyonifikia. Kumbe kabla ya hasira kulikuwa na uso ule, na mimi mwenyewe niliyetazamwa nao sikuuona.

"Washa taa," mama akasema.

Mkasi akawasha taa. Akasimama kando ya mitambo, mikono ameikunja mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mama alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, bila aibu, taratibu, mpaka alipomaliza.

"Kijana. Kwa nini umekata pale?"

"Baada ya pale ulianza kugomba, mama."

"Nisingegomba? Simu amezima, wageni wako njiani!"

"Ulikuwa na haki ya kugomba," Mkasi akasema. "Lakini ulipomwona, hasira ilichelewa. Nilitaka watu waone kilichowahi kufika."

Mama akamkazia macho. Mama yangu akikukazia macho hivyo, hata deni la mwaka juzi unalikumbuka. "Uso huu umeutazama mara nyingi?"

"Sana, mama."

"Kwa kazi?"

Angeweza kusema ndiyo, ni kwa kazi, na mambo yangeishia hapo kwa heshima.

"Mwanzoni kwa kazi," akasema. "Baadaye nilikuwa namaliza kazi, halafu nairudisha tena. Mimi sijawahi kutafutwa hivyo. Nilikuwa nataka kujua inakuwaje."

Bosi, mwanamke yule wa sauti ya ng'ambo ya mto, aliinamisha kichwa akaanza kuchambua kucha zake. Mimi nilitaka kuinuka nikamkumbatie pale pale, mama au si mama, na nadhani mama alilijua hilo kwa sababu aliweka mkono juu ya goti langu akanikalisha.

"Sasa wewe, mama," Bosi akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "unaturuhusu? Filamu itoke?"

"Filamu itoke. Nikatae nini, wakati mmenitoa vizuri kuliko picha yangu ya harusi?" Mama akashika mkoba wake, akainuka. Nikainuka naye. Nilidhani tunaondoka. Lakini badala ya kwenda mlangoni alikwenda mbele kwenye mitambo, mahali alipokuwa ameapa hatakaa karibu napo, akasimama mbele ya Mkasi. Hamfikii begani. Ikabidi ainue uso.

"Watu wa Mfamasia wanataka jibu," akasema.

"Nimesikia, mama."

"Nitawapa leo. Nitawaambia binti ana mtu." Mkasi akafungua mdomo, mama akainua kidole. "Usinishukuru, sijamaliza. Jumapili ijayo, mchana, utakuja nyumbani kuleta maneno. Shangazi zake wote watakuwepo, na ni wakali, nakuonya mapema. Watakuuliza ulikotoka na watakuuliza mpaka uchoke."

"Nitakuja, mama. Ila..." Sauti yake ilikatika, akajaribu tena. "Maneno huletwa na wazee. Mimi sina wa kuja naye. Nitaingiaje peke yangu?"

"Nani kakwambia utaingia peke yako? Utanisubiri kwenye kona, mimi nitatoka kwa mlango wa nyuma, nije tuingie pamoja. Mimi ndiye nitakayeketi upande wako."

Nilimwona Mkasi, mtu mzima, anageuza uso ukutani na mabega yanamtetemeka. Mama akamshika kiwiko, akakishikilia, akangoja, kama anayengoja mtoto amalize kulia.

Machozi yalikuwa yananishuka na mimi, lakini wivu nao haukosi mlango. "Mama," nikasema, "wewe ndiye mama yangu mimi. Ukikaa upande wake, upande wangu atakaa nani?"

Hakugeuka hata kunitazama.

"Wewe una watu wengi," akasema. "Huyu ana mimi."